Ulingo wa Mahindi

Mpwa wangu alipanda ulingoni na vitu vitatu: tochi, debe lililoliwa na kutu, na simu yenye chaji asilimia arobaini. Tochi na debe vilikuwa vya tembo. Simu ilikuwa ya usingizi.

Upande huu wa Ikoma, wilaya ya Serengeti, mahindi yakianza kukomaa watu huhamia shambani usiku. Kutoka Robanda hadi lango la Fort Ikoma si safari ya kufungasha chakula, na tembo anaijua njia hiyo kuliko dereva yeyote wa watalii. Shamba la dada yangu liko pembezoni kabisa. Ukivuka korongo moja umeshaingia kwa wanyama. Ulingo wenyewe ni miti minne, fito, nyasi za kuezekea, na ngazi ambayo mtu wa umri wangu anaipanda akimtaja Mungu.

Kiswahili kimelipa jukwaa hili jina lilelile la pale mabondia wanapotwangana. Maisha yangu yote nimelitamka neno hilo kwa maana zote mbili bila kuzikutanisha, mpaka usiku ule kijana wa miaka kumi na sita aliponisogezea simu usoni.

“Soma hii, mjomba. Jamaa anamaliza kila mtu kwa ngumi moja.”

Nikaanza kusoma kushoto. Akacheka. “Inaanzia kulia.” Manga, vitabu vya picha vya Wajapani, hufunguliwa kama msahafu, na mimi niliyesoma shule ya misheni ilibidi nijifunze upya mahali pa kuanzia, gizani, nikiwa nimekunja miguu juu ya fito.

Jamaa mwenyewe anaitwa Saitama. Hilo ni jina la mkoa ulio kaskazini mwa Tokyo, kwa hiyo ni kama mtu hapa kwetu aitwe Shinyanga. Ana kipara kinachong'aa, nguo ya njano, joho jeupe, glavu nyekundu, na uso wa mtu anayesubiri basi. Alipokuwa na miaka 22, hana kazi, alimwokoa mtoto mbele ya dubwana lenye umbo la kaa, akaamua kuwa shujaa. Mazoezi yake yalikuwa pushapu 100, sitapu 100, skwati 100 na mbio za kilomita 10, kila siku kwa miaka mitatu. Mkufunzi yeyote wa JKT angeuliza kama hayo ndiyo ya asubuhi tu. Lakini Saitama anaapa kwamba siri yake ni hiyo na hakuna nyingine. Nywele zikanyonyoka zote, nguvu zikaja zote, na tangu hapo ni nadra adui kubaki wima baada ya ngumi ya kwanza.

Aliyembuni anajiita ONE. Alianza kumtoa kwenye intaneti mwaka 2009, kwa michoro ya mtu ambaye ni wazi hakusomea kuchora, na wasomaji wakampenda hivyohivyo. Mwaka 2012 mchoraji stadi, Yusuke Murata, akaanza kuichora upya hadithi nzima kwa kalamu inayotisha kwa uzuri. Mwaka 2015 ukaja mfululizo wa katuni wa televisheni. Mpwa wangu anayo michoro ya aina zote mbili na anaipenda zaidi ile mbaya. Nilipozilinganisha nikamwelewa. Kwa Murata kichwa cha Saitama kina kivuli na mng'ao. Kwa ONE ni yai tu, na yai likishinda linachekesha zaidi.

Hata jina la kitabu ni utani. Kwa Kijapani kinaitwa Wanpanman, na masikio ya kila mtoto wa Kijapani yanasikia hapo Anpanman, shujaa wa watoto ambaye kichwa chake ni andazi lenye maharage matamu ndani. Anpanman akimkuta mwenye njaa, humega kichwa chake akampa ale. Takashi Yanase, aliyembuni, alikuwa askari huko China wakati wa Vita Kuu ya Pili na njaa aliijua kwa tumbo lake. Nilimweleza mpwa wangu habari hizo, naye akatazama upande wa korongo, akasema tembo basi ni Anpanman kinyumenyume.

Kizazi changu hakikumhitaji Mjapani ili kujua habari za mtu asiyeshindika. Tuliingia vibanda umiza, tukabanana kwenye mabenchi, televisheni moja, jasho la watu arobaini, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, ikimsemesha Mzungu Kiswahili cha mtaani. Sheria ya kibandani ilikuwa moja: stelingi hauawi. Arnold Schwarzenegger katika Commando, filamu ya mwaka 1985, anavamia kisiwa kizima peke yake, risasi zinamiminwa kama mvua ya masika, na zote zinamkosa kwa adabu. Tulijua hafi. Tulishika mabenchi hivyohivyo. Hofu tulikuwa tunaikopa kwa hiari yetu, na tukitoka nje tunairudisha.

ONE aliikubali sheria ya kibandani mpaka mwisho wake, kisha akauliza jambo ambalo sisi kwenye mabenchi hatukuliuliza: stelingi mwenyewe, akishajua kwamba hauawi, anajisikiaje?

Anajisikia hovyo. Hana raha. Anapigana na dubwana lililotengenezwa maabara, katikati ya pambano anapiga ukelele wa uchungu, adui anadhani amemjeruhi, kumbe Saitama amekumbuka kuwa leo ni Jumamosi, siku ya bei poa dukani, na ameikosa. Ngumi inayofuata ni ya hasira ya mboga. Nilicheka mpaka ulingo ukayumba, na kutoka shamba la jirani mzee mmoja akaita kuuliza kama tumeona kitu.

Kuna ukurasa mwingine, ule anaoupenda mpwa wangu kuliko yote. Saitama anafukuzana na mbu. Si dubwana, mbu wa kawaida, kama yule aliyekuwa akitulia masikioni wakati huohuo. Anapiga kofi, anakosa. Anapiga tena, anakosa. Mishipa inamtoka kichwani. Baadaye anatokea mwanamke-mbu mwenye jeshi la mbu lililokausha damu ya wanyama na watu, dubwana ambalo limekwisha kumnyofoa viungo shujaa mwingine wa chuma, na Saitama anamzaba kofi moja, basi, kazi imekwisha. Yule mbu mdogo hajulikani aliko.

Msomaji wa nchi hii hahitaji kufafanuliwa kichekesho hicho. Huku mbung'o aliwahi kuamua ng'ombe wakae wapi na watu wakae wapi kabla ya serikali yoyote kuchora ramani. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikafagia ng'ombe na nyati na nyumbu, na nyuma yake ikaacha njaa. Kirusi hakionekani hata ukikodoa macho. Ng'ombe waliozunguka mbuga walipochanjwa, nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaongezeka hadi kupita milioni moja katika muda wa miaka kumi na tano hivi. Simba wote wa Serengeti wakijumlishwa hawajawahi kuigeuza hesabu ya nyumbu namna ile.

Watu wa pwani nao wana stelingi wao, na kwa urefu na nguvu Fumo Liyongo hana haja ya kumwonea Saitama wivu. Adui zake walimwalika kikoa, mlo wa zamu, ili zamu yake ya kukwea mkoma ikifika wamtungue kwa mishale akiwa juu. Yeye akabaki chini akayatungua makoma kwa mishale yake. Walimfunga, mama yake akampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, akakata minyororo. Mashujaa na mikate, tena. Lakini msimulizi wa pwani alijua kwamba mtu wa namna hiyo akiachwa hivyo hadithi haina mwisho, kwa hiyo akaweka kitovuni mwa Liyongo mahali pamoja pa sindano ya shaba, na mkononi mwa mwanawe mwenyewe akaitia sindano. Hata hapo Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na mji mzima ukalala na kiu kwa kuogopa maiti.

ONE alikataa kutia sindano. Kipara cha Saitama hakina mahali laini. Ukishafanya hivyo unabaki na shida kubwa ya mwandishi: stelingi hana hatari, adui hana matumaini, pambano linakwisha kabla halijaanza. Hadithi itatoka wapi? Nilipofika hapo simu ilikuwa asilimia ishirini na mbili, na mpwa wangu akasema, “Subiri huyu wa baiskeli.”

Naomba nimkawize kidogo wa baiskeli, maana kabla yake lazima nimtaje bondia wetu. Mwaka 2022 Tanzania ilimpata Karim Mandonga, Mtu Kazi, ambaye ngumi zake zilikuwa na majina. Saitama ana ngumi moja isiyohitaji jina. Mandonga alikuwa na Ndoige, alikuwa na Sugunyo, na kila moja aliieleza kwa waandishi wa habari kama fundi anayeeleza injini. Julai mwaka ule alipanda ulingoni Songea kupambana na Shaban Kaoneka, akapigwa. Kwa bondia mwingine huo ungekuwa mwisho wa maneno. Kwake ndiyo kwanza umaarufu ulipaa; watu wakamtaka matangazoni, mitaani, kila mahali. Januari 2023 akaenda Nairobi na Sugunyo yake, akamshinda Daniel Wanyonyi, na nchi ikashangilia kana kwamba imechukua kombe. Walioijua ngumi kitaalamu walikunja uso. Mimi nadhani walichokunjia uso ndicho kilichowapendeza watu: mtu ambaye matokeo yake huyajui, anayepigwa mbele ya macho yako, na kesho yake anaamka na jina jipya la ngumi.

Tulikuwa nao tangu zamani watu wa aina hiyo kwenye karatasi. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Lodi Lofa na Ndumilakuwili katika jarida la Sani, Kingo wa James Gayo, na ng'ambo ya mpaka Juha Kalulu wa Edward Gitau: hakuna hata mmoja mwenye misuli. Wanakopa, wanapigwa chenga, wanamkimbia mwenye nyumba. Na kabla ya karatasi, Sungura aliwafunga Tembo na Kiboko kwa kamba moja wavutane usiku kucha kila mmoja akidhani anashindana na Sungura. Kwetu nguvu walipewa wanaochekwa. ONE akaviweka vyote ndani ya mwili mmoja, misuli ya Tembo na mifuko ya Lodi Lofa.

Sasa wa baiskeli. Anaitwa Mumen Rider, jina la utani linalomaanisha dereva asiye na leseni. Hapo mjini Mugumu nusu ya kijiwe cha bodaboda wangejiona. Hana nguvu yoyote isiyo ya kawaida. Ana helmeti, miwani ya plastiki na baiskeli. Chama cha Mashujaa, ambacho kinapanga watu kwa madaraja kama bodi ya mitihani, kimemweka daraja la C, la chini kabisa, na humo ni wa kwanza. Mvua inanyesha. Dubwana la kilindini limeshawalaza mashujaa wakubwa mmoja baada ya mwingine nje ya jengo walimojificha raia. Mpanda baiskeli anafika, anaivurumisha baiskeli yake, anarusha ngumi. Dubwana linambamiza chini. Anainuka. Linamkamata tena. Hapo ndipo anaposema, huku hawezi kusimama sawasawa, kwamba anajua hana uwezo, anajua hakuna aliyemtegemea, na kwamba suala si kushinda wala kushindwa. Yeye ndiye aliyepo, kwa hiyo yeye ndiye atakayepigana. Watu waliojificha wanaanza kumshangilia. Anapigwa tena, vibaya.

Anapoanguka, mkono wa glavu nyekundu unamdaka kabla hajafika chini. Saitama anamwambia amepigana vizuri. Kisha ngumi moja. Mawingu yanapasuka, mvua inakatika.

Kama ONE angeishia hapo ningemwita fundi na kumwachia hapo. Lakini katika umati kuna bwana mmoja anayeanza kupiga hesabu kwa sauti: ikiwa huyu mwenye kipara amelimaliza kwa ngumi moja, basi wale wengine waliolala pale chini walikuwa na kazi gani? Tunalipia mashujaa wa bure? Na Saitama, ambaye ndiyo kwanza amepata nafasi ya kujulikana, anacheka cheko la mjinga na kupaza sauti kwamba amebahatika sana, kwamba wenzake walikuwa wameshalichosha lile dubwana, kwamba yeye amekuja kuokota ushindi wao, na tafadhali wamsaidie kulitangaza hilo. Watu wanageuka na kumwona tapeli. Uso wake hauna hata dalili ya kujitoa mhanga. Ni uso uleule wa kusubiri basi.

Mpwa wangu alikuwa akinitazama mimi, si simu. Nikamwambia hii ndiyo ngumi yenyewe. Akasema, “Ndiyo, mjomba, ila watu wengi wanairuka.”

Tembo walikuja saa nane na ushei. Kwanza huwasikii, unasikia mahindi. Ni sauti kama ya mtu anayechana kitambaa kipya, taratibu, bila haraka. Walikuwa watatu. Jirani yetu, yule mzee, alikuwa ameshaanza kupiga debe muda mrefu kabla sisi hatujawaona, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele. Wengine huzungushia shamba kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Yeye ana debe na ukelele wake tu. Sisi tukawasha tochi, tukapiga letu.

Chama cha Mashujaa kwenye manga hupanga hatari kwa ngazi: mbwa mwitu, chui milia, pepo, joka, kisha Mungu. Mbwa mwitu ni ngazi ya chini. Hapa kwetu mbwa mwitu ni mgeni wa heshima. Mwaka 2012 walianza kuletwa kutoka Loliondo na kuachiwa magharibi mwa hifadhi ili waongezeke. Tembo ungemweka ngazi gani? Hakuchukii. Hakutafuti. Anakula kilimo chako cha mwaka kwa saa moja, kama Saitama anavyopiga, mawazo yakiwa mahali pengine. Na Mwikoma hawezi kumwita dubwana, kwa sababu jambo takatifu linalowafunga Waikoma pamoja kama watu ni pembe za tembo, Machaba, ambazo simulizi za wazee zinasema zilitoka kwa mtabiri wa Kitatoga. Mnyama anayeyakanyaga mahindi ya mama yako ndiye ambaye pembe zake zimeushika ukoo wako. Kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1951 mababu waliingia huko na mishale ya sumu. Leo anayeingia hivyo ni jangili. Anayebaki nje ana debe.

Ipo fomu ya kudai hasara, bila shaka. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi. Wanaolima karibu zaidi ndio wanaotembelewa zaidi, na ndio waliopangiwa kufutwa jasho kidogo zaidi.

Tembo mmoja aligeuka akatazama tochi yetu. Nimeona macho mengi yakimulikwa usiku. Yale hayakuwa na swali lolote. Mpwa wangu alisimama wima ulingoni, debe mkononi, na mimi nikamshika kiuno cha suruali asije akaanguka, au asije akashuka. Alipiga kwa fimbo mpaka kutu ikaturukia midomoni. Baada ya muda ambao siwezi kuupima walianza kuondoka, mmoja, kisha wawili, kwa mwendo wa watu walioshiba wakitoka arusini. Kama walitoka kwa ajili ya debe letu au kwa ajili ya shibe, wanajua wao.

Kulipopambazuka dada yangu na majirani walikuja kuangalia. Mistari kumi na minne ya upande wa korongo ilikuwa imelala. Iliyobaki ilikuwa mingi kuliko tulivyodhani, na mama mmoja akaanza kumsifu mpwa wangu: huyu kijana ana tochi kali, tembo walipomwona wakaondoka, yule mzee kelele zake usiku kucha hazikufaa kitu. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama palepale, kanga ya mkewe mabegani, hana sauti ya kujibu.

“Hapana, mama,” mpwa wangu akasema. “Mzee alikuwa ameshawachosha. Sisi tumekuja mwishoni.”

Alisema akiwa ameinama, anatoa betri kwenye tochi. Akazifuta kwa shati, akazipanga nne juu ya bati la jiko, upande unaoanza kupata jua, akazigeuza kila moja kwa kidole. Zikila jua mpaka saa kumi, aliniambia, zinaweza kutufikisha hata saa nane.